Usalama wa Ndege Katika Viwanja Visivyo na Mnara

Mtu aliyesimama Carama, kitongoji kilichoko kaskazini mwa jiji la Bujumbura, akitazama upande wa magharibi kuelekea tambarare ya Rusizi, huziona ndege zikishuka kwenda kutua katika uwanja wa kimataifa ambao tangu mwaka 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye. Huziona zikija moja moja, kwa utaratibu, kila moja ikiingia kwa zamu yake. Wachache miongoni mwa watazamaji hao hujiuliza ni nani aliyezipanga hivyo. Jibu lake ni kwamba zimepangwa na binadamu. Katika mnara wa uwanja huo yuko mwongoza ndege mwenye redio, ambaye humwambia rubani mmoja ashuke, mwingine angoje, na wa tatu asiingie njiani mpaka aliyetangulia amekwisha kuondoka.

Lakini si kila ndege inayopita juu ya nchi hizi inakwenda kutua mahali penye mnara. Nchini Burundi uwanja mkubwa ni mmoja tu. Viwanja kama vile vya Gitega na Kirundo ni vidogo. Vivuke vilima na ziwa, uingie mashariki ya Kongo, au uende kusini na mashariki mpaka mbuga za Tanzania na Kenya, utakuta viwanja vya udongo na nyasi kwa makumi, ambako rubani hana wa kumwuliza aende wapi. Katika viwanja hivyo ndege hazipangwi na mtu yeyote. Hujipanga zenyewe.

Jambo hili linawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko linavyowahusu wananchi wengine. Katika viwanja vya namna hii mara nyingi hakuna mfanyakazi mwingine wa serikali ila askari mwenye bunduki anayelinda njia ya kurukia. Helikopta na ndege zinazobeba askari, chakula, dawa na majeruhi hutua huko huko. Tena askari wa Burundi waliokwenda Somalia kuanzia Desemba 2007, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, wanajua vyema maana ya kuishi kando ya kiwanja ambacho hakina kitu ila vumbi, upepo na walinzi. Kwa hiyo inafaa ieleweke ni kwa njia gani ndege mbili zisizoongozwa na mtu huepukana, na ni kwa makosa gani hushindwa kuepukana.

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja. Kiwanja kisicho na mnara si kiwanja kisicho na sheria. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga uliotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944 ndio uliozaa kanuni za anga zinazofuatwa na takriban nchi zote duniani, na kanuni hizo zinafanya kazi penye mnara na pasipo mnara. Tofauti ni moja tu. Penye mnara yuko mtu wa kukumbusha sheria kila dakika. Pasipo mnara kila rubani ni mwongozaji wa nafsi yake na mlinzi wa mwenzake. Ni kama doria ya usiku iliyotumwa mbali na makao makuu. Kamanda hayupo kutoa amri kwa kila hatua, lakini amri za kudumu zipo, na anayezivunja huwahatarisha wenzake wote.

Amri ya kwanza ya kudumu inahusu upepo. Ndege hutua na kuruka ikiuelekea upepo, kwa maana hivyo huhitaji mwendo mdogo zaidi wa ardhini na njia fupi zaidi. Kwa sababu hiyo kila kiwanja huwekwa mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, na upande unaoelekea mfuko huo ndio unaoamua njia itumike kutoka ncha gani. Kandokando ya ziwa kubwa jambo hili lina uzito wa pekee, kwani upepo wa mchana utokao ziwani na upepo wa usiku utokao nchi kavu haufanani, na ncha iliyofaa asubuhi yaweza isifae alasiri. Hatari kubwa huja pale upepo unapotulia kabisa. Hapo rubani mmoja aweza kuchagua ncha ya kaskazini kwa kuwa ndiyo iliyo karibu naye, na mwingine akachagua ya kusini kwa sababu hiyo hiyo, wakaja kukutana ana kwa ana juu ya ardhi moja.

Amri ya pili ni ya mzunguko. Ndege haiingii kiwanjani kutoka popote inapotaka. Hufuata njia ya mstatili iliyo hewani kando ya kiwanja, kwa kawaida futi 1,000 juu ya ardhi, yaani kiasi cha mita 300. Kwanza huenda sambamba na njia ya kurukia, ikiwa na upepo mgongoni. Kisha hukata kona. Kisha hukata kona ya pili na kuingia katika mstari wa mwisho wa kutua. Kona zote hukatwa kwa kushoto, isipokuwa kiwanja hicho kimetangaza vingine kwa sababu ya mlima au mji ulio karibu. Faida ya mzunguko si urembo. Faida yake ni kwamba kila rubani anajua mahali pa kumtafuta mwenzake kwa macho. Anga ni pana mno, na mtu hawezi kuitazama yote kwa mara moja. Mzunguko huipunguza anga hiyo ikawa barabara nne tu za kuchunguzwa.

Hapa pana hesabu ndogo inayofaa kukumbukwa. Uwanja wa Bujumbura uko kiasi cha mita 787 juu ya usawa wa bahari, karibu futi 2,582. Kwa hiyo rubani anayetaka kuwa futi 1,000 juu ya tambarare hiyo, huku kipimo chake kikihesabu kutoka usawa wa bahari, lazima kipimo kisome karibu futi 3,600. Katika nyanda za juu kiasi hicho huzidi sana. Rubani aliyekosea kukiweka kipimo chake sawa huenda akadhani yuko katika kimo cha mzunguko, kumbe yuko chini au juu ya wenzake, mahali ambapo hakuna anayemtazamia. Mlinzi aliyekaa mahali asipotazamiwa na wenziwe huweza kupigwa na wenziwe. Na ndege nayo ni hivyo hivyo.

Amri ya tatu ni ya kupishana. Ndege mbili zikielekeana ana kwa ana, kila moja hugeuka kulia. Njia zao zikikatana, ile inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo inayompisha. Inayompita mwenzake hupita upande wa kulia, na aliyetangulia ndiye mwenye haki ya njia. Inayotua ina haki kuliko zilizo ardhini. Zikiwa mbili zinakuja kutua, iliyo chini zaidi hutangulia. Lakini kanuni yenyewe inaongeza kwamba haifai kuitumia haki hiyo kwa kumkatia njia mwenzake aliyekwisha kufika katika hatua za mwisho. Nyongeza hiyo ina hekima. Sheria inampa mtu haki, na papo hapo inamkataza kuitumia haki hiyo kama silaha.

Amri ya nne ni ya redio. Rubani anayekaribia kiwanja kisicho na mnara hutangaza habari zake katika masafa ya kiwanja hicho akiwa bado mbali, kiasi cha maili kumi za angani, ambazo ni kama kilomita 18. Hutangaza tena anapoingia katika mzunguko, anapokata kona, anapoingia mstari wa kutua, na anapokwisha kuondoka njiani. Kila tangazo huanza na jina la kiwanja, kisha aina ya ndege, mahali ilipo, na jambo linalokusudiwa, na mwishoni jina la kiwanja hurudiwa tena. Kurudia huko si porojo. Viwanja kadhaa huweza kutumia masafa yale yale, na mtu aliyekosa neno la kwanza asije akadhani kwamba ndege iliyo kilomita 60 kutoka hapo iko juu ya kichwa chake.

Afrika ina mazoea marefu ya jambo hili. Katika sehemu kubwa za bara hili, ambako mawasiliano na waongozaji wa ardhini hukatika au hayasikiki, marubani wa ndege za safari ndefu hutangaziana wenyewe kwa wenyewe katika masafa ya megahezi 126.9. Hutaja njia wanayofuata, kimo chao, na saa watakayofika mahali fulani. Hakuna anayewajibu kwa amri. Kila mmoja husikiliza, hulinganisha habari za mwenzake na zake mwenyewe, na akiona njia zao zitakutana, huchukua hatua mapema. Huo ndio mzunguko wa kiwanja kidogo uliokuzwa ukawa wa bara zima.

Askari aliyepata kutumia simu ya upepo hahitaji kuelezwa mara mbili juu ya udhaifu wa chombo hicho. Ni mtu mmoja tu awezaye kusema kwa wakati mmoja. Wawili wakisema pamoja, hakuna anayesikika. Hutoka mlio mkali, na kila mmoja huondoka akiamini kwamba ujumbe wake umefika. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ujumbe uliogongana namna hiyo ulichangia kugongana kwa ndege mbili kubwa za Boeing 747 katika ukungu, na watu 583 wakafa. Uwanja ule ulikuwa na mnara. Ikiwa redio yaweza kuhadaa mbele ya mwongozaji, itahadaa mara ngapi mahali asipokuwapo?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Quincy, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Jioni ya tarehe 19 Novemba 1996, jua likiwa linazama, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900C ilikuwa inakuja kutua katika kiwanja cha mji huo, kiwanja ambacho hakikuwa na mnara. Ndani yake walikuwamo abiria 10 na marubani wawili. Katika njia nyingine iliyokatana na ile ya kutulia ilikuwapo ndege ndogo aina ya King Air, iliyokuwa tayari kuruka, ikiwa na watu wawili. Nyuma ya King Air ilikuwapo ndege ya tatu, Cherokee, ambayo nayo ilikuwa inangoja zamu yake.

Marubani wa ndege ya abiria walitangaza habari zao mara kadhaa, kama ipasavyo. Kisha wakauliza waziwazi: ndege iliyoko kwenye njia ile nyingine, je, itangoja au itaruka? King Air haikujibu. Aliyejibu alikuwa rubani wa Cherokee, aliyekuwa nyuma. Alisema kwamba anangoja. Sehemu ya maneno yake, ambayo huenda ingewafahamisha wasikilizaji kwamba yeye si ile King Air iliyoko mbele, ilifunikwa na sauti ya chombo cha tahadhari kilicholia wakati ule ule ndani ya ndege ya abiria. Marubani wa ndege ya abiria wakaelewa kwamba aliye njiani amekubali kungoja. Wakashukuru, wakatua. King Air nayo ikaanza kukimbia ili iruke. Zikagongana katika njia panda, na watu wote 14 wakafa.

Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliwatia hatiani waliokuwa katika King Air kwa kutosikiliza redio ipasavyo na kutotazama kama njia imekuwa salama. Ulitaja pia jibu lile lililokatika la rubani wa Cherokee, ambaye hakuwa na uzoefu mkubwa. Lakini fundisho lake linapita kiwanja cha Quincy. Swali liliulizwa, jibu likaja, na jibu hilo halikutoka kwa aliyeulizwa. Ni mara ngapi katika kazi za doria neno "sawa" limesikika redioni bila mtu kuhakikisha ni nani aliyelisema? Utaratibu wa kijeshi wa kutaja jina la kituo kabla ya kila ujumbe haukubuniwa ili kuwachosha askari. Ulibuniwa kwa sababu ya watu kama wale 14.

Jambo la pili la Quincy ni la kuhuzunisha zaidi. Watu 12 waliokuwa katika ndege ya abiria hawakufa kwa kishindo. Walinusurika kugongana, wakafa kwa moshi na moto. Watu waliokuwa karibu walikimbilia pale, wakajaribu kuufungua mlango, wakashindwa. Gari la zimamoto halikuwapo uwanjani. Kwa walinzi wa viwanja vidogo, habari hii ni sawa na amri: mlinzi wa kiwanja anayejua jinsi mlango wa ndege unavyofunguliwa kwa nje, na anayejua mahali pa kizima moto, si mlinzi wa mali peke yake. Huenda siku moja akawa mlinzi wa roho za watu.

Tukio la pili lilitokea miaka mingi baadaye, tarehe 18 Agosti 2022, katika mji wa Watsonville, jimbo la California, nako katika kiwanja kisicho na mnara. Ndege ndogo aina ya Cessna 152, iliyokuwa na mtu mmoja, ilikuwa ikizunguka kiwanjani kwa utaratibu wa kawaida. Ndege nyingine, Cessna 340 yenye injini mbili na watu wawili, ilikuja moja kwa moja kutoka mbali bila kuingia katika mzunguko, tena kwa mwendo mkubwa sana kuliko unaofaa karibu na kiwanja. Wote wawili walitangaza habari zao. Redio ilifanya kazi. Yule wa ndege ndogo aliona kwamba mwenzake anamjia upesi mno, akasema kwamba ataacha kutua apande tena. Muda ulikuwa umekwisha. Zikagongana karibu na kiwanja, na wote watatu wakafa.

Kwa hiyo Quincy inaonyesha hatari ya kutosikiliza, na Watsonville inaonyesha hatari ya haraka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika mzunguko wa kiwanja methali hiyo ni hesabu kamili. Chukua ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda noti 120, yaani kilomita 222 kwa saa. Zinakaribiana kwa kilomita 444 kwa saa, ambazo ni mita 123 kwa kila sekunde. Mamlaka ya anga ya Marekani hukadiria kwamba tangu rubani aione ndege nyingine, aitambue, aelewe kwamba zitagongana, aamue, asukume usukani, na ndege itii, hupita sekunde 12 na nusu. Katika muda huo ndege hizo mbili zimekwisha kula zaidi ya mita 1,500 za nafasi iliyokuwa kati yao. Anayemwona mwenzake akiwa mbali mita 1,000, basi amemwona akiwa amekwisha kuchelewa.

Tena jicho lenyewe lina hila zake. Kitu kinachosogea huvutia jicho upesi. Kitu kisichosogea hupotea. Bahati mbaya ni kwamba ndege ambayo itagongana nawe ndiyo isiyosogea katika kioo. Hukaa mahali pamoja, nukta ndogo kama uchafu wa mdudu, kisha hukua ghafula katika sekunde za mwisho. Kwa sababu hiyo marubani hufundishwa kuichunguza anga kipande kwa kipande, wakitua macho kidogo katika kila kipande, na kusogeza kichwa ili kuona nyuma ya nguzo za kioo. Askari wa ulinzi wa usiku naye hufundishwa karibu vivyo hivyo.

Ndege pia zina sehemu zisizoonekana. Ile yenye mabawa juu ya chumba cha rubani haioni vizuri kilicho juu yake. Ile yenye mabawa chini haioni kilicho chini yake. Zikija kutua pamoja, yenye mabawa chini ikiwa juu na yenye mabawa juu ikiwa chini, zaweza kushuka pamoja mpaka mstari wa mwisho bila yeyote kumwona mwenzake. Hapo ndipo redio, mzunguko na macho vinapotegemeana. Kimoja kikikosa, vingine viwili viokoe.

Wako wanaodhani kwamba vyombo vya kisasa vimekwisha kuondoa tatizo hili. Ni kweli kwamba ndege kubwa zina kifaa kinachotambua ndege nyingine na kumwamuru rubani apande au ashuke. Lakini kifaa hicho husikia tu ndege iliyobeba chombo cha kuitikia na iliyokiwasha. Katika viwanja vidogo bado zipo ndege zisizo na chombo hicho, na hata zisizo na redio. Kwa hiyo rubani mwangalifu haamini kamwe kwamba ukimya wa redio maana yake ni anga tupu. Askari analijua jambo hili kwa namna yake: kimya cha msitu hakithibitishi kwamba adui hayupo.

Wala mnara wenyewe si ngao ya kila hatari. Tarehe 5 Machi 2024, jijini Nairobi, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana hewani na ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyokuwa imeruka kutoka uwanja wa Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44. Uwanja wa Wilson una mnara. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Cessna ilianguka katika mbuga ya wanyama ya Nairobi, na mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Tukio hili liwe onyo kwa wale wanaodai kwamba hatari iko vijijini tu. Na ikiwa penye mnara hali ni hiyo, pasipo mnara uangalifu wa kila mmoja hauna budi kuwa maradufu.

Hata hivyo, mfano unaowahusu askari kuliko yote haukutokea Marekani wala Nairobi. Ulitokea Berdale, katika jimbo la Bay nchini Somalia, tarehe 4 Mei 2020. Ndege aina ya Embraer 120, iliyobeba vifaa vya tiba wakati wa ugonjwa wa korona, ilikuwa inakaribia kutua katika kiwanja kidogo cha mji huo. Kando ya kiwanja walikuwapo askari wa Ethiopia, ambao hawakuwa chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika. Ndege ilikuja chini chini, kutoka upande ambao askari hawakuuzoea. Hawakuwa wamearifiwa habari zake. Wakadhani imekuja kuwashambulia, wakaitungua. Watu sita waliokuwamo wakafa. Baadaye jeshi la Ethiopia, katika taarifa yake kwa Umoja wa Afrika, lilikiri jambo hilo na kulieleza kuwa limetokana na kukosekana kwa mawasiliano.

Hapakuwa na ndege ya pili Berdale. Lakini kosa ni lile lile la Quincy. Pande mbili zilikuwa mahali pamoja, kwa wakati mmoja, kila upande ukiwa na nia yake, na hakuna upande uliojua nia ya mwenzake. Katika kiwanja kisicho na mnara, askari wa ulinzi ni sehemu ya mzunguko, apende asipende. Kama hajui ni ndege gani inayotazamiwa, saa ngapi, na kutoka upande gani, basi ni kama rubani aliyezima redio yake. Na kama rubani naye hajui kwamba chini wako walinzi wenye silaha wanaotazamia kumwona akifuata njia ya kawaida, basi kila mkato anaoufanya ili kuokoa dakika tano waweza kumgharimu maisha.

Kutokana na mambo hayo yote, wajibu wa askari katika kiwanja kidogo unaonekana wazi. Habari za ndege zinazotazamiwa hazina budi kufika kwa mlinzi wa mwisho aliye kandoni mwa njia, zisiishie mezani kwa afisa. Zamu inapobadilishwa, habari hizo zibadilishwe pamoja na zamu. Njia ya kurukia iwe tupu: isiwe njia ya mkato ya baiskeli, wala malisho ya mbuzi, wala uwanja wa gwaride. Gari la jeshi linalotaka kuvuka lisimame kwanza, aliyemo atazame ncha zote mbili pamoja na angani, asikilize, ndipo avuke. Kiwanja kikiharibika au kikifungwa, kiwekewe alama kubwa ya msalaba mweupe inayoonekana kutoka juu, ambayo marubani wa dunia nzima huielewa. Na asiyefundishwa asimpungie rubani taa wala kitambaa, kwa kuwa ishara za taa zina maana maalumu, na ishara mbaya ni mbaya kuliko kukosa ishara.

Helikopta za kijeshi nazo hazina ruhusa ya kujiona wageni wa heshima katika kiwanja cha wananchi. Ni kweli kwamba helikopta haihitaji njia ndefu, na kwamba mara nyingine kazi yake ni ya dharura. Lakini ndege ndogo iliyobeba mgonjwa kutoka hospitali ya mission nayo ni ya dharura. Anayetangaza anakotoka, akafuata mzunguko au akatangaza mapema kwamba hataufuata, huyo ametimiza wajibu. Anayekuja kimya kwa sababu ana nembo ya taifa mkiani amesahau kwamba mgongano haubagui nembo.

Liko pia jambo la kusema ukweli. Ndege mbili zikikosana kwa nafasi ndogo, watu huguna, hucheka, husahau. Mlinzi aliyeona huona si kazi yake kusema. Kumbe yeye ndiye shahidi pekee. Tukio lililokaribia kuwa ajali ni ajali iliyotoa somo bila kudai malipo, na kulificha ni kungoja malipo hayo yaje kudaiwa siku nyingine. Maelezo mafupi kwa mkubwa wa kituo, yenye saa, mahali na aina ya ndege, yaweza kubadili utaratibu wa kiwanja kizima.

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo hufaa kumfariji aliyefiwa. Haifai kumtetea aliyezembea. Watu 14 wa Quincy walikuwa na kinga: kulikuwa na redio, kulikuwa na macho, na kulikuwa na muda. Watu sita wa Berdale walikuwa na kinga: ujumbe mmoja wa maneno machache kutoka kwa anayejua kwenda kwa anayelinda. Kinga hizo hazikutumika.

Jioni, Carama ikianza kuwasha taa, ndege ya mwisho huonekana ikishuka kuelekea uwanjani, na mwongozaji aliye mnarani huihesabu mpaka isimame. Wakati huo huo, mahali fulani ng'ambo ya milima, ndege nyingine ndogo huwa inatafuta mfuko wa kitambaa na ukanda wa udongo kabla giza halijaingia. Haina mnara. Ina sauti yake, macho yake, na askari mmoja aliyesimama kando ya njia. Yampasa askari huyo awe anajua kwamba inakuja.